Kikombe chako kiko shelfu gani?

(Haya niliyaongea Jumamosi hapa Moshi kwenye kikao cha vikundi vya ufundi. Wengi mliokaa nyuma mliomba niyaandike kwa sababu spika ilikuwa inakoroma. Nimeyaweka kama yalivyotoka, nimeruka tu pale nilipokohoa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana mambo vipi. Itifaki naomba mhesabu imezingatiwa, maana nikianza kumtaja kila mwenyekiti na kila katibu aliyeko humu ndani tutafika saa ya chakula sijasema kitu, na kuna harufu ya ndizi nyama inatoka huko jikoni kwahiyo najua sina muda.

Mimi ni mweka hazina wa klabu ya ufinyanzi, banda letu liko Rau. Nimeambiwa niongelee jinsi ya kuendesha wanachama na shughuli za kila siku. Aliyenipigia simu aliniambia "dada njoo utupe mbinu", nikamwambia mbinu sina, nina makosa, kama mnayataka nitakuja nayo kwenye mfuko. Akasema njoo nayo hayo hayo.

Sasa ngoja niwaulize. Mtu akijiunga na klabu ya kufinyanga, akalipa kiingilio, akalipa na ada, amenunua nini? Wengi tungesema amenunua udongo, au mafunzo, au kukaa kwenye gurudumu la kufinyangia. Hata sisi tulidhani hivyo karibu miaka miwili. Tulikuwa watu 7, tukawa 12, tukafika 31, tukawa tunafurahi kila mtu mpya akija, tunapiga picha, tunaweka kwenye grupu, karibu sana karibu sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akahesabu tanuru linaingiza vikombe vingapi.

Tanuru letu la umeme ni dogo, kilowati 6, lina ujazo kama wa pipa nusu. Kwa ambao hamjawahi kuona, chombo cha udongo kinachomwa mara mbili. Mchomo wa kwanza unafika kama nyuzi joto 1000, kinatoka kigumu lakini bado kinafyonza maji. Halafu unakipaka glezi, lile ganda linalong'aa kama kioo, kinarudi ndani mchomo wa pili. Mchomo wa kwanza hauna shida, vyombo unaweza kuvipanga kimoja ndani ya kingine, kimoja juu ya kingine, tunaingiza vikombe 64. Mchomo wa pili ndio wenye mambo. Glezi ikiyeyuka inanata, vikombe viwili vikigusana vinakuwa pacha milele, kwahiyo kila kimoja kinasimama peke yake na nafasi pembeni. Hapo tanuru lile lile linabeba vikombe 36, ukibana sana 38.

Na huwezi kuchoma kila siku. Siku moja unapanga na kuchoma, inayofuata linapoa. Kuna kijana wetu alikuwa na haraka ya zawadi ya harusi, akafungua mfuniko likiwa bado nyuzi 300, mwezi wa saba, mnaujua ubaridi wa Moshi mwezi wa saba. Tulisikia tu ting, ting, ting, kama mtu anapiga gitaa lililolegea, sahani sita zikapasuka hapo hapo. Kwahiyo kwa wiki tunachoma mara tatu, mmoja wa kwanza na miwili ya pili. Miwili ya pili ina nafasi 72, ila wa kwanza unapitisha 64 tu. Gawanya hizo 64 kwa watu 31. Kila mwanachama ana nafasi ya vikombe viwili na kidogo kwa wiki, basi, hata angekuwa amelipa ada ya mwaka mzima na kiingilio cha mtoto wake.

Sasa ndani ya hao 31 tulikuwa na mama mmoja fundi kweli kweli, anauza vikombe kwa loji za watalii, wiki moja analeta 40. Mwenzake ni mwalimu mstaafu, anakuja Alhamisi kutuliza kichwa, kwa mwezi anatengeneza bakuli moja na analipenda kama mjukuu. Wote wanalipa ada sawa, 25,000. Bakuli la mwalimu likakaa kwenye foleni wiki tano. Akaja akaniuliza kwa upole, mnajua ule upole wa mwalimu ambao ni mbaya kuliko matusi, "mwanangu, hivi mimi ni mwanachama au ni mfadhili?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda nyumbani nikachukua daftari nikaanza kupiga hesabu ambayo ilitakiwa kupigwa siku ya kwanza kabisa.

Umeme wetu ni wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ukinunua wa 10,000 kwa tarifu ya kawaida unapata unit 28. Mchomo wa kwanza unakula unit kama 40, yaani elfu 14 na mia tatu hivi. Wa pili unafika nyuzi 1220, unakula kama 53, karibu elfu 19. Gawanya kwa vikombe vinavyoingia, mchomo wa kwanza ni kama shilingi 225 kwa kikombe, wa pili kama 530. Jumla tuseme 750 kwa kikombe kimoja hadi kinywewe chai. Kwahiyo mama wa loji kwa vikombe 40 alikuwa anachoma umeme wa elfu 30 kwa wiki moja, na ada yake ni 25,000 kwa mwezi. Mwalimu kweli alikuwa mfadhili! Na mama wa watu hakuwa na kosa lolote, alikuwa anafanya kile tulichomruhusu.

Tukaitana. Kikao kilianza saa nane, tukatoka saa moja usiku, nyie mnajua vikao vya huku. Walioongea kwa hasira waliongea, mmoja akasema tumfukuze anayefanya biashara, mwingine akasema bila yeye nani angejua kama tupo. Mwisho tukakubaliana kutenganisha vitu viwili. Ada ni ya banda: unaingia, unatumia magurudumu, meza, vifaa, na unapata sehemu yako kwenye shelfu yenye ukubwa wa kreti la soda. Kreti kweli, tulienda kwa mangi wa duka tukanunua yaliyochoka, kila mtu lake na namba yake. Likijaa limejaa, hushushi vyako kwenye kreti la jirani. Mchomo unalipiwa peke yake, kwa vikombe. Kikombe cha chai cha kawaida ndio kipimo, 1,000 kwa michomo yote miwili. Bakuli la supu linahesabiwa vikombe vitatu, jagi vinne, na yule anayetaka kutengeneza chungu cha kuchemshia ndizi za ukoo mzima tunakipima kwa macho na tunagombana kidogo halafu tunakubaliana. Ile 250 inayobaki inaenda kwenye mfuko wa waya za tanuru, maana zile waya zinachoka, siku moja utawasha na halitapanda tena, na siku hiyo hakuna mtu atataka kusikia neno mchango.

Na tukaweka kwamba kwenye kila mchomo wa pili nafasi 10 ni za watu wenye vyombo vichache, hazinunuliki kwa wingi. Mama wa loji alikubali haraka kuliko wote, akasema alikuwa anaona aibu miezi yote hiyo ila hakujua aanzie wapi kusema. Mwezi uliofuata ada ikashuka ikawa 18,000, na waliokuwa wamepotea wanne wakarudi.

Kwahiyo ukiniuliza leo mtu amenunua nini akijiunga kwetu, nakwambia amenunua nafasi. Nafasi kwenye shelfu na nafasi kwenye tanuru. Udongo tunaweza kuongeza, viti tunaweza kuazima kanisani, hivyo viwili haviongezeki kwa kuombea. Kikundi chako hata kama ni cha kushona au cha kusuka vikapu, kuna kitu kimoja kwenu kinachobana, cherehani ya kudarizi labda, au meza ya kukatia, kitafute hicho kwanza kabla hujapanga ada.

Haya, tuje kwenye vyombo visivyo na mwenyewe. Aisee. Nikisema vyungu yatima wafinyanzi wote humu wanacheka, naona mnacheka. Mtu anakuja mara tatu, anafinyanga vitu tisa, anapata kazi Dodoma, hasemi, hajibu simu, vitu vyake vinakaa. Wewe unaona aibu kuvitupa. Mwaka mmoja tulikuwa na shelfu mbili nzima za vyombo ambavyo hakuna aliyejua ni vya nani. Tulijaribu karatasi, karatasi inaungua ndani ya tanuru. Tukajaribu maka peni, inaungua pia, unabaki na sahani nyeupe tupu. Sasa hivi sheria ni kukwaruza chini ya chombo udongo ukiwa umekauka nusu, ugumu wa jibini tuseme, namba yako, mkwaju, chombo chako cha ngapi. 14/3 ni chombo cha tatu cha mwanachama namba 14. Namba hiyo hiyo inaingia kwenye daftari na tarehe, kimefika shelfu ya kukausha lini, mchomo wa kwanza lini, wa pili lini, kimechukuliwa lini. Chombo kibichi kikikaa siku 30 bila mwenyewe kuonekana tunakivunja kinarudi kwenye ndoo ya maji, udongo unalowa unatumika tena. Ila kikishapita tanuruni hakirudi kuwa udongo hata ukilie, kwahiyo tunakikataa mapema, kabla hakijaingia. Hicho ndio kipengele ambacho kingetuokolea shelfu mbili.

Mbona nasisitiza daftari, wengine mtasema huyu dada mzee kuliko umri wake, kuna programu siku hizi. Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa Kibosho. Alikuwa na mkebe wa majani ya chai, ndani yake risiti za kahawa, nyingine zimekuwa njano hadi huwezi kusoma. Alikuwa anapeleka kahawa kwenye chama, inapimwa, anaandikiwa kilo na jina lake, anapata malipo ya kwanza, halafu anasubiri malipo ya pili na kile kikaratasi ndio kinamsemea. Mji huu ni wa ushirika jamani, KNCU, muungano wa vyama vya wakulima wa kahawa, ilisajiliwa 1933, na kabla yake wakulima walikuwa na chama chao tangu 1925, leo tuna chuo kikuu kizima cha ushirika hapa hapa. Kahawa ya watu wote ilichanganywa kwenye ghala moja, lakini babu hakuwahi kuuliza kahawa yangu iko wapi, alikuwa na mkebe. Halafu sisi wajukuu zake, tuna simu kubwa kubwa, kikombe kinapotea kwenye banda lenye chumba kimoja na stoo.

Programu tulijaribu. Kuna mtu alitutafutia mfumo wa nje wa kusimamia wanachama, mzuri kwa macho, unakata ada kwenye kadi ya benki kila mwezi wenyewe kwa dola. Wanachama wenye kadi ya hivyo walikuwa watatu. Wengine hela inakuja mahindi yakiuzwa, au mtoto akituma toka Dar, au mwezi huu hakuna kabisa na mwezi ujao analipa miwili kwa mpigo. Mfumo ukawa unawaandikia meseji za kiingereza kwamba uanachama wao umekufa. Mzee mmoja alikuja kunionesha simu, "binti, mbona wananiambia nimekwisha?" Tukaufuta. Sasa tuna daftari kubwa la jalada gumu pale bandani, na jioni mtu wa zamu analipiga picha na kujaza Eksel moja ambayo watu watatu wanaiona. Haina urembo, ila mtu asiyejua kompyuta anaweza kufungua ukurasa akaona namba yake.

Na tuna kitu tunaita kadi kulala. Mwezi wa tatu hadi wa tano masika ikianza watu wako shamba, huwezi kumdai mtu ada ya banda na yeye yuko kwenye tope la mahindi. Analipa 5,000, kreti lake linabaki lake, akirudi hakuna kiingilio tena. Hii peke yake ilipunguza watu wanaopotea kimya kimya, maana mtu mwenye deni la miezi mitatu haji kulipa, anaona aibu anakatisha mtaa mwingine.

Desemba ni mambo mengine kabisa. Mnajua Desemba Kilimanjaro, nchi nzima inarudi nyumbani, foleni ya magari inaanzia huko Himo, na kila shangazi wa Dar anataka kumleta mtoto afinyange kikombe. Hela nzuri sana. Mwaka wa kwanza tuliwapokea wote, ikafika Januari tarehe tatu wamepanda mabasi, tumebaki na vikombe zaidi ya hamsini vibichi na namba za simu za shangazi. Sasa kuna kadi ya Desemba ya wiki tatu, analipa mchomo kabla hajagusa udongo, anachagua rangi ya glezi siku hiyo hiyo tunaandika, na kama atakuwa ameondoka analipia na nauli ya kifurushi, kikombe kinapanda basi kinachukuliwa stendi ya Magufuli kule Mbezi. Kikivunjika njiani tunagawana lawama, imeandikwa kwenye kadi.

Sasa hela. Hapa nitaongea taratibu kidogo maana bado inaniuma.

Mwanzoni ada zilikuwa zinaingia kwenye namba yangu mimi ya M-Pesa. Hiyo hiyo inaingia hela ya kikoba, hiyo hiyo natumia kulipa ada ya shule, hiyo hiyo kaka yangu ananitumia ya dawa za mama. Nilikuwa najua kichwani kipi ni cha klabu. Kichwani. Siku ya kikao cha nusu mwaka mtu akauliza tu swali la kawaida, tuna shilingi ngapi. Daftari linasema 655,000. Kwenye simu kuna 412,000. Ukimya uliopita pale sitausahau, kuna mtu alianza kuangalia viatu vyangu kama vile ni vipya. Hakuna aliyesema mwizi. Hawakuhitaji kusema.

Nilitumia siku tisa kutafuta ile tofauti. Wengine walikuwa wamelipa kwa mwenyekiti wa zamani kwa sababu namba yake ndio walikuwa nayo, yeye mzee wa watu alikuwa ameiweka kwenye bahasha akasahau kusema. Wawili walimwachia mangi wa duka la jirani. Mmoja alituma kwa namba iliyokosewa tarakimu moja na aliyepokea alishaila. Nyingine nilikuwa nimenunulia umeme usiku tanuru likiwa linawaka, sikuandika, na hapo mtu akanikaba kwamba hela na unit hazifanani, hadi tukakumbuka kuna kodi ya jengo 1,500 inakatwa humo humo kwenye LUKU kila mwezi. Ikapatikana yote isipokuwa 15,000. Nikatoa mfukoni kwangu, nikaandika barua ya kujiuzulu.

Mwalimu mstaafu ndiye aliyeikataa ile barua, akasema mimi sina shida, shida ni mfuko wenye matundu. Tukaenda benki tukafungua akaunti ya klabu, watia saini watatu na wawili lazima wawepo, tukachukua lipa namba yenye jina la klabu. Hela taslimu hatupokei, hata ya kikombe kimoja, mtu asiye na salio rafiki yake anamlipia. Kila Ijumaa jioni anayefunga banda anasoma kwa sauti, wiki hii imeingia hii, imetoka hii, iliyobaki hii. Wakati mwingine anawasomea watu wawili na paka. Anasoma tu. Nyie mnaoshika hela za vikundi mmenielewa, hiyo Ijumaa inakulinda wewe kabla haijawalinda wao.

Ya kila siku nipite haraka maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Ufunguo una watu wawili tu na anayefungua ndiye anayefunga. Sinki hatumwagi maji ya udongo, tuna ndoo tatu, unanawa ya kwanza ya pili ya tatu, tope linatuama chini, tulijifunza baada ya kufukua bomba la mwenye nyumba kwa gharama yetu. Tanuru haliwashwi unit zikiwa chini ya 80. Umeme ukikatika katikati, kama ule mgao wa mwishoni mwa 2023 ulipotukuta nyuzi 800, usifungue, ziba tundu uache lipoe taratibu, mchomo wa kwanza unaweza kurudiwa bila hasara zaidi ya umeme. Na chombo kabla hakijaingia mchomo wa kwanza kiweke shavuni, ukisikia ubaridi bado kina maji ndani, kirudishe shelfu. Kiangazi siku tano zinatosha, masika wiki mbili na bado hujiamini. Maji yakigeuka mvuke ndani ya udongo mnene kinalipuka, na hakilipuki peke yake, kinaenda na majirani.

Vumbi hapana, hilo sipiti haraka. Udongo uliokauka ukiufagia, vumbi lake jembamba linaelea hewani masaa, lina silika, linaingia kwenye mapafu halitoki. Watu wa huku hamhitaji kuelezwa na daktari, kila ukoo una mtu alienda Mererani kutafuta tanzanaiti akarudi na kifua, akaishia kulala hospitali ya Kibong'oto. Bandani kwetu ufagio ni marufuku. Tunapiga deki, sponji na maji, meza na sakafu, kila jioni, na aproni hazikung'utwi ndani, zinafuliwa. Nimewahi kumtoa nje mjumbe wa kamati mwenye ufagio mkononi na tukanuniana wiki.

Na udongo wenyewe. Tuna aina mbili, wa hapa, tunaoupata kwa wachoma matofali na tunauchuja wenyewe, na wa gunia unaotoka Nairobi. Wa gunia unavumilia nyuzi 1220. Wa hapa hapana, unapenda kama 1000 na kidogo, ndio ule ule moyo wa vyungu vya mama zetu wa Upare wanaochoma kwa kuni juu ya ardhi bila tanuru lolote na chungu kinapika maharage miaka. Ukiupeleka 1220 unalegea unamwagika. Sasa mtu mmoja, simtaji na mwenyewe yupo humu anatazama chini, alitengeneza jagi zuri kwa udongo wa hapa, likapakwa glezi, likapanda mchomo wa moto mkubwa usiku. Asubuhi tunafungua, jagi hakuna. Kuna dimbwi jeusi limeganda, limeshuka kibao cha juu limeenda cha pili, limekumbatia vikombe saba vya watu na kipande cha waya. Vile vibao vya tanuru havipatikani sokoni Mbuyuni wala Kiboriloni, tulisubiri miezi miwili. Tangu hapo chini ya namba kuna alama, duara ni udongo wa gunia, mstari ni wa hapa, chombo kisicho na alama hakiingii hata kama ni cha mwenyekiti. Na sio sheria ya adhabu, ni kwamba udongo ukishapakwa rangi huwezi kuutambua kwa macho, hata mimi siwezi.

Kuna suala la majina na namba za watu pia. Tulikuwa tumebandika orodha ukutani, majina, simu, mtaa anaokaa. Mwanachama mmoja akaipiga picha, wiki ile ile kila mtu akaanza kupokea meseji za viwanja, halafu za virutubisho vya kupunguza tumbo. Wengine tukachukia zaidi ile ya tumbo. Sasa hivi ukutani zinakaa namba za kreti tu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, msidhani ni ya mabenki peke yake, na picha za watoto waliokuja Desemba hatuzirushi bila mzazi kusema ndio.

Swali lililoandikwa kwenye kikaratasi hapa linauliza kama vikundi kama vyetu vinaweza kupata ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ile imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na kikundi lazima kisajiliwe, kwahiyo anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, atawaambia mchanganyiko wenu unaingia wapi. Sisi bado hatujaomba, nataka kwanza Ijumaa kumi na mbili zifuatane bila daftari na benki kutofautiana. Tuko ya tisa.

Namaliza, harufu ya ndizi imekuwa kali. Pale mezani karibu na mlango nimeleta bakuli moja la bluu lenye ufa mdogo kwenye mdomo, chini lina 22/6 na duara. Namba 22 alijiunga Februari, simu yake haipatikani, na jirani yake ameniambia kwamba huwa anakuja kwenye vikao hivi. Kama upo humu ndani, limeshachomwa mara zote mbili, unadaiwa 3,000, lipa namba imebandikwa ukutani. Mwenyekiti, maikrofoni yako hii hapa.